Mpimaji Aliyeosha Mikono Mara Saba

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2004. Asubuhi baridi na manyunyu, yale ya Agosti ambayo hayajazi hata kopo lakini yanalowesha kuni zote. Saa saba jua lilichungulia kidogo, likarudi ndani.

Leo nimetoka Machakos kumwona Mpimaji. Katika daftari hili nimezoea kuandika mvua, baiskeli zilizoletwa na homa za watoto, na mara nyingi nikisoma kurasa za nyuma naona haya. Leo nataka kumwandika mtu mmoja, mzima, pande zote. Sijui kama naweza. Shule niliiachia darasa la saba, na watu niliowajua vizuri ndio hunishinda kabisa kuwaeleza. Lakini kuna mbwa alikufa hapa Masii miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo watu husema Mpimaji ndiye aliyemuua. Si yeye. Mimi nilijua hivyo tangu mwanzo, nikanyamaza. Kwa hiyo atakayesoma hapa ajue kwamba mwandishi mwenyewe si shahidi safi. Nitajaribu kumtendea haki yeye, na mwenye mbwa, na nafasi ikibaki, na mimi pia.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitaandika. Sikumuuliza, na nikibahatisha nitakosea. Ninachojua ni kwamba alitokea pande za pwani, Mwislamu, na alikuja hapa akiwa amestaafu kazi ya maabara ya mifugo. Alipanga vyumba viwili nyuma ya soko, ukuta mmoja na duka langu la kutengeneza baiskeli. Watu walimwita daktari, akakataa.

"Daktari anatibu," alisema. "Mimi napima. Nikishapima na kusema nilichokiona, kazi yangu imekwisha."

Basi tukamwita Mpimaji, mpaka jina lake lingine likasahaulika.

Alikuwa mrefu, mwenye koti jeupe la kazini ambalo mfuko wake ulikuwa umetobolewa na kalamu. Alitembea polepole, kama mtu aliyebeba glasi iliyojaa. Alileta vitu viwili vya kazi. Cha kwanza ni darubini ya kuangalizia damu, ndani ya sanduku la mbao. Cha pili ni mashine ya kuzungusha damu, ya mkono, iliyofungwa kwenye ukingo wa meza kama ile ya kusagia nyama. Ukizungusha mpini, vijibomba vya kioo vinakimbia mviringo mpaka damu inajigawa, nyekundu chini, maji ya manjano juu. Meno ya gia yake yalikuwa yameisha. Nilimwekea gia ndogo ya baiskeli na kipande cha cheni, na tangu siku hiyo ikawa inalia tikitikitiki kama mtu anayeshuka mteremko bila kukanyaga.

Aliijaribu, akasimama, akaitazama. "Bwana fundi," akasema, "sasa imebaki kiti tu, niipande niende nayo sokoni."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ujirani wetu.

Jambo ambalo kila mtu wa Masii atakwambia kwanza ni kuosha mikono. Alipenda mbwa. Alipima mbuzi na ng'ombe wa watu, hata wale wafanyabiashara wa mifugo Wasomali walimletea damu za mbuzi wao kabla ya kuwasafirisha. Lakini mbwa aliwapima kwa raha yake mwenyewe. Na kila akishamshika mbwa aliosha mikono mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kwa sababu katika dini yake mate ya mbwa ni najisi. Alikuwa na mkebe wa udongo aliouchekecha mwenyewe, safi, hauna hata kijiti. Alihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Na maji hapa, anayejua Masii anajua, yanakuja kwa punda na mitungi, na yanakuja yakipenda.

Mke wangu, Mama Ndinda, aliangalia hayo kwa wiki kama mbili, halafu akashindwa kunyamaza.

"Mzee, hiyo maji ya saba ukinipatia mimi nioshe sufuria si itakuwa vizuri?"

"Mama, ya saba ndiyo safi kuliko zote. Chukua."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza usiiguse."

Kuanzia hapo Mpimaji alikwenda kuoshea juu ya miche yetu ya sukuma wiki, akiinama mstari kwa mstari, na ile sukuma ikanenepa kuliko ya mtu mwingine yeyote pale nyuma ya soko. Kuna watu hawakuikula. Sisi tuliila.

Siku moja Muli alimcheka. Muli ni shemeji yangu, mdogo wa Mama Ndinda, kazi yake kuchota mchanga mtoni na kupakia malori. Alikuwa amemleta mbwa wake.

"Mzee, huyu ni msafi kukushinda. Ameoga jana kwa mto. Wewe umeoga lini?"

"Mbwa hana kosa, Muli. Naosha mate yake na damu yake. Yeye mwenyewe salamu zake nimezipokea."

Na ni kweli alizipokea. Nilimwona mara nyingi, akidhani hakuna mtu, akimkuna yule mbwa nyuma ya sikio kwa muda mrefu. Kisha moja, mbili, tatu.

Mbwa huyo aliitwa Ndeke, ndiyo ndege kwa Kikamba. Mama yake alikuwa mbwa wetu wa kuwinda wa kawaida, na baba yake, kwa maneno ya Muli, mmoja wa wale mbwa wembamba wa kwenye ranchi. Alikuwa na kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani, na miguu kama ameazima ya mnyama mwingine. Muli alikuwa hajaoa wakati huo. Ndeke alikula kabla yake.

Jumapili jioni, kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu, vijana walishindanisha mbwa. Mimi nilikuwa mtu wa mashine. Nilipindua baiskeli yangu, magurudumu juu, nikatoa tairi la nyuma, nikafunga kamba kwenye rimu. Upande wa pili wa kamba, mbali kule, kulikuwa na ngozi ya sungura iliyojazwa matambara. Nikizungusha pedali kwa mkono, rimu inakunja kamba, ngozi inaruka juu ya mchanga, na mbwa wanaifuata. Pesa hazikuwekwa. Mwenye mbwa aliyeshinda alikwenda na ngozi nyumbani kwake, ikalala kwake mpaka Jumapili nyingine. Ni kitu kidogo, lakini nimeona watu wazima wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya ile ngozi.

Mpimaji alikuja na mwavuli na kigoda, akakaa mbali kidogo. Alitoa damu kwa mbwa waliokubaliwa na wenyewe, kwenye mguu wa mbele, kabla na baada ya mbio, akaandika katika daftari kubwa. Mbwa kwa mbwa, ukurasa kwa ukurasa. Nadhani, ingawa yeye atakataa, kwamba ni kutoka kwake nilijifunza kuandika daftari.

Tulimwuliza anatafuta nini. Akatuita jioni moja, mimi na Muli. Alikuwa amechukua damu ya Ndeke mara mbili. Ya kwanza Ndeke amelala kivulini. Ya pili ni baada ya mimi kuzungusha cheni tu, bila ngozi, bila mbio, Ndeke akasimama masikio juu. Alivizungusha vile vijibomba, kisha akaviinua kwenye mwanga.

"Fundi, unaona nini?"

"Ya pili nyekundu imepanda."

"Imepanda. Na hajakimbia hatua hata moja. Unajua bandama, ile mnayowatupia mbwa mkichinja? Ya mbwa ni ghala. Akisikia sungura, inajikamua, inamwaga damu nzito mishipani. Mbwa huyu ameanza mbio akiwa amesimama."

Muli alikaa chini. Nakumbuka alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. "Kumbe cheni ya baiskeli ndio inamfanya hivyo?"

"Cheni ya shemeji yako. Mpe mkono."

Muli akanipa mkono kwa heshima kama nimepata mtoto. Tulicheka sana. Sijui kwa nini naandika hii, labda kwa sababu ni kati ya siku nzuri nilizowahi kuwa nazo, na ninataka iwe mahali fulani.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia. Ukimwambia mbwa fulani ameshinda kwa sababu alikula ini, alisema, "Umepima?" Ukimwambia ulijaribu na ikafaulu, alisema, "Mbwa mmoja." Yaani mbwa mmoja si ushahidi. "Mbwa mmoja," kisha anainamia darubini, na wewe unabaki umesimama na habari yako imekufa mkononi.

Wala hakuwa mtu wa kukamilika. Yeye aliyeingiza sindano kwa ng'ombe wa watu bila kupepesa macho aliogopa sindano kama mtoto. Mwaka mmoja alishikwa na homa, akatetemeka mpaka kitanda kikasikika dukani kwangu. Nilimpeleka zahanati. Nesi alipotaka kumtoboa kidole aangalie malaria, akaficha mkono kwapani.

"Nipe vidonge tu. Damu yangu naijua."

"Umepima?" nikamwuliza.

Alinitazama kwa hasira, halafu akacheka huku meno yanagongana, lakini mkono haukutoka kwapani. Pia alikuwa mchoyo wa kuazima vitu, na Kiswahili chetu kilimwumiza. Nikisema "niko na spana mbili" alifumba macho. "Ninazo, fundi. Ninazo." Miaka yote hiyo sikubadilika, na sasa nafikiri kama ningekuwa mwanafunzi bora wa Kiswahili chake, Ndeke angeishi. Huenda hilo nalo ni kutafuta kisingizio.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, kiangazi kilichofuata zile mvua kubwa za El Nino, mchanga wa mto umejaa upya, laini, mzuri kwa mbio. Kulikuwa na mbwa alikuwa akiletwa kutoka Kithyoko, jina lake Askari, na ngozi ya sungura ilikuwa imekwenda naye Jumapili tano. Ndeke alimwacha mwanzoni kila mara, halafu mwishoni miguu ikawa mizito, Askari akampita. Muli alianza kukosa usingizi. Alikuja dukani Jumamosi akanisihi. "Shemeji, nenda umwulize yule mzee. Mimi nikimwuliza ataniambia 'mbwa mmoja.' Wewe anakusikia."

Nikaenda. Mpimaji alikuwa ametoka kumpima mbwa mmoja wa jirani, bado ana damu vidoleni. Nikamwuliza kwa nini Ndeke huisha mwishoni.

Haya ndiyo aliyosema, na nimeyarudia moyoni mara nyingi, kwa hiyo nadhani ni sawa, ingawa kitu ukikirudia sana nacho hulainika pembe. Alisema mbwa akikata mbio kwa nguvu zake zote, pumzi haimtoshi. Nyama ya miguu inatengeneza asidi, na asidi inaingia damuni. "Damu inachacha," alisema. "Kama uji wenu ule wa kulala. Na damu ikichacha, miguu inakuwa ya mtu mwingine."

"Sasa kwa nini Askari hachachi?"

"Anachacha. Ila damu ina magadi yake ndani, ndiyo yanayoutuliza ule uchachu. Kuna mbwa mwenye magadi mengi damuni, huyo anakwenda mbali kidogo kabla ya kuchoka. Kuna mwenye machache."

"Na mtu akimwongezea?"

"Watu hujaribu," akasema. Akatazama jua, akaona wakati wa sala ya alasiri umefika, na mikono yake ina damu ya mbwa. "Ngoja," akasema, akatoka kwenda kwenye mtungi.

Nilimsikia akihesabu. Moja. Mbili. Na mimi sikungoja. Kulikuwa na mteja dukani, hiyo ni kweli, lakini pia nilidhani nimeshapata jibu. Muli alikuwa amekaa kwenye benchi langu.

"Amesema nini?"

"Amesema ni magadi," nikamwambia. "Damu ya Ndeke haina magadi ya kutosha. Watu huongeza."

Neno langu ni hilo. Kwa Mpimaji, mtu wa pwani na wa maabara, magadi yalikuwa kitu kilicho ndani ya damu, na kama ni cha nje, basi ni ule unga laini mweupe wa kuumulia mandazi. Kwetu magadi ni jiwe. Ni lile jiwe la kijivu wanalouza akina mama sokoni, tunalotia kwenye muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa, yaive haraka, na wazee wanalisagia ndani ya ugoro. Mama yake Muli alikuwa na kipande kikubwa juu ya rafu. Muli alikitwanga Jumapili asubuhi, kiasi cha kujaza kiberiti, akakoroga kwenye maziwa, akamshika Ndeke mdomo akamnywesha yote.

Na Ndeke alishinda. Lazima niandike hilo. Alikimbia vile sijawahi kuona, kamba ikiingia kwenye rimu mikono yangu ikiuma, na Askari alikuwa nyuma kwa urefu wa mbwa wawili mpaka mwisho. Kama ni magadi au ni kitu kingine, sijui. Mbwa mmoja. Muli alibebwa juu na watu, ngozi imefungwa shingoni. Mpimaji hakuwa amekuja siku hiyo, alikuwa na wageni. Jioni Ndeke alianza kunywa maji. Alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, akayatapika na damu, akanywa tena. Jumatatu hakuweza kumeza. Muli alimbeba begani mpaka kwa Mpimaji, na Mpimaji alipofungua mdomo wa mbwa akaona koo limeungua, aliuliza, "Umempa nini?"

"Ulichosema, mzee. Magadi."

Nilikuwa mlangoni. Mpimaji aliinua macho, akanitazama mimi. Si kwa muda mrefu. Halafu akamwinamia Ndeke, akampa maji kwa kijiko na maziwa kwa kijiko, mchana kutwa, yeye aliyesema kwamba hatibu. Ndeke alikufa Jumanne asubuhi.

Maneno yalikuja haraka. Watu walisema yule Mswahili aliua mbwa kwa makusudi, kwamba dini yake inachukia mbwa, kwamba mtu anayeosha mikono mara saba baada ya kukugusa hawezi kukutakia mema. Sitawalaumu sana. Ukisikia vile kutoka mbali, inaingia akilini. Muli alisema zaidi ya wote, lakini Muli alikuwa amemzika rafiki. Watu waliacha kuleta mbwa, halafu mbuzi. Hata wale wafanyabiashara wa mifugo, ndugu zake wa msikiti mmoja, walianza kupeleka damu kwingine, si kwa chuki, walisema hawataki maneno. Mbio zenyewe zilikufa. Na mimi kila siku niliamka nikisema leo nitasema. Nilikuwa na sababu nyingi. Muli ni ndugu wa mke wangu. Wateja wangu ni wale wale. Yeye Mpimaji mwenyewe hakunishtaki kwa mtu yeyote. Alinisalimia kila asubuhi vile vile, akaosha mikono juu ya sukuma wiki yetu, mara moja tu sasa, kwa kuwa hakukuwa na mbwa.

Mwaka uliofuata alifunga darubini kwenye sanduku akahamia Machakos kwa binti yake. Nilimsaidia kupakia. Ile mashine yenye gia yangu aliibeba mwenyewe kwenye paja.

Mama Ndinda ndiye pekee niliyemwambia. Kesho yake alichukua kipande chetu cha magadi akakitupa chooni.

Leo nilipofika nilimkuta barazani, blanketi magotini. Amepungua. Binti yake ni muuguzi, mwanamke mpole, alinipa kiti akatuletea chai, ya mzee haina sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kununua spoki?"

"Niko na…" nikajikamata. "Ninazo spoki. Nimekuja kwako."

"Alhamdulillahi. Miaka kumi, na umejifunza neno moja."

Ana ugonjwa wa sukari. Binti yake alileta kimashine kidogo cha kupima, akashika kidole chake, na yule mzee akageuza uso ukutani akafumba macho kabisa, miguu imekunjana chini ya blanketi. Tone moja la damu.

"Soma wewe," akaniambia. "Macho yangu siku hizi yananiona mimi zaidi ya vitu."

Nikasoma kumi na moja nukta nne.

"Iko juu. Nilikula embe jana, usimwambie."

"Nimesikia," binti alisema kutoka ndani.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mzee, Ndeke. Ni mimi nilimwambia Muli magadi. Wewe hukusema apewe. Niliondoka kabla hujamaliza."

Alinyoosha mkono chini ya kiti akatoa lile daftari kubwa, akapekua kwa vidole mpaka akahisi ukurasa uliokunjwa pembe. "Soma na hii. Mstari wa mwisho."

Ulikuwa ukurasa wa Ndeke. Tarehe zote, damu ya kulala, damu ya kusikia cheni, damu ya baada ya mbio. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala kushoto: *Amekufa Jumanne. Magadi ya jiwe. Sababu: mpimaji alikwenda kuosha mikono kabla ya kumaliza sentensi.*

Nilisoma kwa sauti mpaka pale.

"Nilikuwa nataka kusema, watu hujaribu, na wanaua wanyama," akasema. "Maneno matatu tu yalibaki. Nikaona sala inapita. Lakini haikuwa inapita, fundi, kulikuwa na wakati. Nilipenda tu kuosha. Nilifika mara ya tano nikasikia kiti chako kimesogea. Nikasema, nitamwambia kesho."

"Ni mimi niliyepeleka neno, mzee."

"Ni wewe. Sikusema si wewe. Kuna mistari miwili pale chini imebaki tupu, ungeandika wako."

"Mbona hukusema? Walikuita muuaji."

"Wewe ulikuwa na duka pale na watoto. Mimi nilikuwa na pensheni na binti Machakos." Akanywa chai yake isiyo na sukari, akakunja uso. "Muli anajua?"

"Bado."

"Basi na wewe hujamaliza sentensi."

Nikaandika mstari wangu pale chini, kwa kalamu yake. Ninaona haya kusema nilikosea herufi nikafuta. Nilipoondoka alikuwa amefumba macho, na nilipogeuka langoni vidole vyake vilikuwa vinasugua hewa taratibu juu ya blanketi. Labda ilikuwa baridi tu.

Nilifika nyumbani jua limekaribia kuzama. Muli alikuwepo, huja kula kwetu Jumamosi. Mama Ndinda alinitazama usoni akajua, akapakua chakula haraka kuliko kawaida, kama mtu anayetaka mikono ya watu iwe na kazi. Nilimwambia Muli yote kabla hajapeleka kijiko mdomoni. Nilichosikia kwa Mpimaji, nilichosema mimi kwenye lile benchi, maneno matatu yaliyobaki. Nilisema pia kwamba mzee hakuwahi kunitaja.

Muli aliitazama sahani yake. Kuni zenye maji zilikuwa zikilia jikoni.

"Huyu dada yangu," akasema, bila kuinua kichwa. "Miaka sita nakula muthokoi mgumu kwenu, nasema dada yangu amesahau kupika. Ni hiyo?"

"Hatutii magadi tena," Mama Ndinda akasema. "Tangu Ndeke."

Akatafuna. Akatafuna kwa muda mrefu, macho yamejaa maji, na sikujua ni ya nini na sikuuliza.

"Yule mzee bado yuko na ile mashine ya cheni?"

"Anayo."

"Jumamosi ijayo twende wote."

Tumekula muthokoi na kunde, na sukuma wiki ya pale nyuma. Ulikuwa mgumu. Muli alisukuma sahani kwa dada yake, akaongezewa.